Kutazama Kabla ya Kuhukumu

Maelezo ya habari kwa wasikilizaji wa majeshi ya ulinzi na usalama

Maonyesho ya sanaa huanza siku nyingi kabla ya utepe kukatwa na wageni wa heshima kuketi. Huanza siku ile kazi za wasanii zinapowekwa mezani mbele ya kamati ya uteuzi, na wajumbe wachache wakaamua ipi iende na ipi irudi ilikotoka. Umma huona kilichopita katika mlango ule tu. Kilichokataliwa hakina mtetezi, maana hakuna aliyekiona. Kwa hiyo kazi ya kuteua ni amana kubwa, na yafaa izungumzwe hata mbele ya watu ambao kazi yao ni bunduki na sheria.

Jambo hili linaihusu Burundi moja kwa moja. Nchi hii iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Mkataba wa Jumuiya hiyo, katika kifungu chake cha 119, unazitaka nchi wanachama zishirikiane katika utamaduni na michezo. Kutokana na nia hiyo likazaliwa tamasha la sanaa na utamaduni linalojulikana kwa jina la JAMAFEST. Lilifanyika Kigali mwaka 2013, Nairobi mwaka 2015, Dar es Salaam mwaka 2019, na mwezi Septemba 2022 likapokelewa Bujumbura. Kabla ya hapo, mwaka 2003, yalikuwa yameanzishwa Dar es Salaam maonyesho ya sanaa za Afrika Mashariki, kwa nia ya kuyafanya kila baada ya miaka miwili. Kila mara nchi inapoalikwa katika mikutano ya namna hii, swali la kwanza ni lile lile: nani apeleke nini, na nani aamue?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli sokoni, pale ambapo chema na kibaya vimetandazwa juu ya mkeka mmoja na mnunuzi anavitazama vyote viwili. Lakini chema kilichobaki nyumbani hakijiuzi. Chukua mfano wa Itaba, katika milima ya Gitega. Mwanamke wa huko anayesuka kikapu hukisuka baada ya kutoka shambani, kwa mwanga uliobaki. Tangazo la maonyesho likibandikwa mjini tu, tena kwa Kifaransa, halitamfikia. Likimfikia, nauli ya kwenda na kurudi itamshinda. Na siku kamati itakapoketi, itasemwa kwamba Itaba haikuleta kitu. Hapo ndipo methali ya pili inapokuwa na nguvu kuliko ya kwanza: asiyekuwapo na lake halipo.

Haki ya kwanza katika uteuzi, basi, ni kuwafikia wenye kazi. Redio ya taifa inafika mlimani, na tangazo linaweza kusomwa kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Siku za soko zinajulikana, na watu hukusanyika bila kuitwa. Kamati inayotaka kujua kilichomo nchini itatuma wajumbe wake sokoni na milimani, na kukusanya kazi zikaletwa kwa gari moja hadi Gitega au Muyinga, badala ya kungoja kila fundi ajikokote na mzigo wake kichwani. Gharama ya jambo hilo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya maonyesho yenyewe.

Haki ya pili ni kutambua kwamba sanaa haikai katika fremu peke yake. Kwa muda mrefu desturi imekuwa kuiita picha ya rangi sanaa, na chungu kukiita chombo cha jikoni. Lakini historia ya Burundi inasema vingine. Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yamehifadhi vikapu, vyungu, ngoma na vitu vya enzi ya wafalme. Havikuhifadhiwa kwa kuwa vilifaa kupikia au kubebea nafaka. Vimehifadhiwa kwa kuwa ndani yake mna kipimo, uwiano, pambo na akili ya watu waliovitengeneza. Igiseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, hakisukwi kwa kubahatisha. Msusi huhesabu mizunguko yake, na akikosea mzunguko mmoja pambo lote hupinda.

Ngoma nayo ni shahidi. Huko Gishora, karibu na mji wa Gitega, ipo nyumba ya ngoma iliyojengwa wakati wa Mfalme Mwezi Gisabo. Ngoma ya Burundi huchongwa katika gogo moja la mti unaoitwa umuvugangoma, maana yake mti unaoifanya ngoma iseme, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe na kukazwa kwa vigingi. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiingiza ngoma hiyo ya kifalme na uchezaji wake katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Dunia nzima imekwisha kukiri kwamba kazi ya mkono wa mlimani ni hazina. Ingekuwa ajabu kama kamati ya nyumbani ingekuwa ya mwisho kukiri.

Wapo mafundi ambao wamesahauliwa zaidi ya wote, nao ni wafinyanzi wa Kitwa. Kwa vizazi vingi Batwa wamefinyanga vyungu vilivyopikiwa katika nyumba za Warundi wote, wakuu kwa wadogo, huku wao wenyewe wakitengwa. Watu walikula kilichopikwa katika chungu chao, wakakataa kula pamoja nao. Kisha vikaja vyombo vya plastiki na vya bati, na soko la chungu likapungua. Mfinyanzi wa Kitwa akifika mbele ya kamati, analeta elimu ya udongo ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote: udongo upi uchanganywe na upi, ukauke kwa siku ngapi, moto uwake kwa kuni zipi. Kamati ikimtazama yeye kabla ya kukitazama chungu chake, imekwisha kuhukumu kabla ya kesi kuanza.

Hapa ndipo kazi ya mwamuzi wa sanaa inapokutana na kazi ya askari. Mlinzi wa lango hufundishwa kwamba sura ya mtu si kitambulisho. Anayekuja kwa mavazi mazuri atatoa neno la siri, na anayekuja na matope miguuni atatoa neno hilo hilo. Mlinzi anayemruhusu mmoja kwa uso na kumzuia mwingine kwa uso ameliacha lango wazi, hata kama amesimama wima. Vivyo hivyo kamati. Kuna njia rahisi ya kuisaidia kuwa na haki: kila kazi ipewe namba, na jina la fundi, kabila lake, mlima wake na shule yake viwekwe katika bahasha hadi uamuzi utakapokamilika. Jicho libaki na kazi peke yake.

Lakini bahasha haitoshi ikiwa mjumbe anaijua kazi ya mpwa wake hata bila jina. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nayo ni tabia ya binadamu wote. Kwa sababu hiyo kamati ichanganye watu: mchoraji aliyesoma, msusi mwenye miaka mingi katika kazi, mtu wa makumbusho, mwalimu, na mtu kutoka nje ya mkoa asiye na ndugu wa kumpendelea. Na mjumbe ambaye kazi ya ndugu, mwanafunzi au mteja wake imefika mezani, atoke nje hadi kazi hiyo imalizike kuamuliwa. Kutoka nje si aibu. Ofisa wa polisi haendeshi upelelezi wa kesi ya kaka yake, wala hakuna anayemtukana kwa kukaa pembeni.

Historia ya sanaa ya Afrika Mashariki inayo mifano ya kuionya kamati yoyote inayodhani inakijua kizuri kwa kukitupia jicho mara moja. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini ya Tanzania, hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Mwishoni mwa miaka ya 1960, jijini Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya mbao laini za mraba, akitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile inayopakwa baiskeli. Kamati iliyozoea turubai na rangi za dukani ingeweza kumrudisha mlangoni kwa sababu ya vifaa vyake tu. Hata hivyo picha zake zilipendwa, wanafunzi wakamzunguka, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani.

Mwisho wa mtu huyo unawahusu wasikilizaji wa leo kwa namna ya pekee. Mwaka 1972, usiku, Tingatinga alipigwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam kwa kudhaniwa kuwa mhalifu anayekimbia, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Hakuna haja ya kuongeza maneno mengi juu ya tukio hilo. Linaonyesha tu kwamba kosa la kuhukumu kabla ya kutazama lina uzito tofauti katika mikono tofauti. Mwamuzi wa sanaa akikosea, kazi nzuri hurudi nyumbani. Mwenye silaha akikosea, fundi harudi. Lakini mzizi wa makosa hayo mawili ni mmoja.

Mfano wa pili ni wa Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyesoma na kufundisha Makerere, na ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika iliyokuwa imepata uhuru kama balozi wake wa kwanza mjini London. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Hakutafuta jambo la kigeni ili aonekane amesoma. Alichora desturi ambayo mtu wa Gitega au wa Muyinga angeitambua mara moja, maana pombe ya ndizi na harusi ni ndugu katika nchi zote za maziwa makuu. Picha hiyo ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York, na imo katika hazina yake tangu mwaka 1960. Kwa hiyo asitokee mjumbe wa kamati akasema kwamba mambo ya mlimani ni madogo mno kwa macho ya wageni.

Wapo watakaouliza: je, milango ikifunguliwa hivi, ubora hautashuka? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Kumfikia fundi wa Itaba si kumpunguzia kipimo. Chungu kilichopasuka kitakataliwa hata kama mfinyanzi wake ametoka mbali, na kikapu kilicholegea kitarudishwa hata kama msusi wake ni mjane. Huruma ina mahali pake, na mahali pake si katika uteuzi. Asiyeteuliwa hudai jambo moja tu: aambiwe sababu, kwa maandishi machache na lugha anayoielewa. Akiambiwa kwamba rangi yake imefifia au uso wa mti haukulainishwa, atarudi mwaka mwingine akiwa ameyarekebisha. Asipoambiwa kitu, atabuni sababu mwenyewe, naye katika nchi iliyopitia mifarakano hatakosa ya kubuni.

Aidha kamati itofautishe mtindo na nakala. Mafanikio huzaa waigaji, na picha zinazofanana kama sarafu hujaa barabarani. Fundi anaweza kurithi mtindo wa mwalimu wake na bado akasema neno lake mwenyewe. Anayenakili ili auze haraka hana neno la kusema. Kutenganisha wawili hao kunahitaji muda, na kamati iliyopewa saa moja kuamua kazi mia haikupewa kazi ya kuteua, imepewa kazi ya kubahatisha.

Jambo gumu kuliko yote ni kazi za huzuni. Itaba inakumbukwa nchini kwa sababu ambayo si ya vikapu. Tarehe 9 Septemba 2002, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokuwa vimeanza mwaka 1993, raia zaidi ya 170 waliuawa huko na askari wa jeshi la wakati ule. Baada ya vita jeshi liliundwa upya, likachanganya watu wa pande zilizokuwa zikipigana, wakala chakula kimoja na kuvaa sare moja. Lakini kumbukumbu ya mama aliyempoteza mwanawe haivuliwi kama sare. Siku moja inaweza kuletwa mezani picha, au sanamu, au chungu cha maombolezo, kinachoitaja siku ile. Kamati itafanyaje?

Kamati itofautishe maombolezo na uchochezi. Kazi inayotaja kundi fulani la watu ili lichukiwe, au inayoita kisasi, haina nafasi katika ukumbi wa taifa, na Burundi inajua vizuri mno gharama ya maneno ya namna hiyo. Lakini kazi inayolia wafu wake bila kumwita mtu aue ni kazi halali kama nyingine zote, nayo ipimwe kwa vipimo vile vile: je, ni ya kweli, je, imetengenezwa vema? Kuikataa kwa kuwa inawaumiza watazamaji ni kuwaambia waliofiwa kwamba msiba wao haumo katika historia ya nchi. Na askari atakayepangwa kulinda mlango wa ukumbi huo ailinde kazi hiyo kwa uangalifu ule ule anaoulinda mchoro wa mandhari. Kufanya hivyo hakumpunguzii heshima. Jeshi linaloweza kusimama kimya mbele ya kumbukumbu ya makosa ya jana limekwisha kujitenga nayo.

Kazi ikishateuliwa, ulinzi wake ndio kwanza unaanza, na hapo sehemu ya polisi ni kubwa. Njia ya kutoka Gitega, kupita Karuzi hadi Muyinga, huishia Kobero, mpakani na Tanzania. Kazi za sanaa zinazokwenda maonyesho ya nchi jirani zaweza kupita hapo katika masanduku, zikiwa na hati inayoonyesha kwamba zinatoka kwa muda na zitarudi. Ofisa asiyejua kilichomo anaweza kuvunja kwa pupa kilichochukua miezi kutengenezwa. Ofisa mzembe anaweza kuruhusu kitu cha kale kipite katikati ya vitu vipya, kisionekane tena. Njia ya kuepuka yote mawili ni daftari: kila kazi iwe na picha yake, vipimo vyake, alama zake na jina la fundi wake, na nakala ya orodha hiyo iwe mikononi mwa mlinzi wa mpaka.

Umuhimu wa daftari unaonekana katika habari ya kinyago cha Kimakonde kilichoibwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam mwaka 1984. Kilionekana baadaye katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller mjini Geneva, na kikarudishwa Tanzania mwaka 2010, miaka 26 baada ya kuibwa. Hicho kilikuwa kitu cha makumbusho ya taifa, kilichokuwa na serikali nzima ya kukidai. Chungu cha mfinyanzi asiyeandikwa popote kitadaiwa na nani? Kwa miaka mingi vitu vya Kiafrika vimewekwa katika makabati ya Ulaya na kibandiko kinachotaja kabila na nchi tu, kana kwamba kabila zima lilikaa chini likafinyanga chungu kimoja. Kosa hilo lisirudiwe na Waafrika wenyewe. Bahasha ya kamati ikifunguliwa baada ya uamuzi, jina la fundi liandikwe kwa herufi zinazosomeka, na liambatane na kazi yake hadi ukumbini.

Mwisho, mwenye sare naye anaweza kuwa msanii. Majeshi ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki yana mashindano yao ya michezo na utamaduni, na ndani ya kambi wamo wachongaji, wachoraji na wapiga ngoma. Wakitaka kushiriki maonyesho ya umma, wapite mlango wa wote. Kazi ya koplo ipewe namba kama ya mkulima, na ya kanali isisubiriwe wala isitangulizwe. Ofisa anayempigia simu mjumbe wa kamati ili kazi ya jamaa yake ipite ameitumia nyota ya begani mwake kufunga mlango wa mtu asiyemjua, huenda mtu wa Itaba.

Nchi ndogo haiwezi kushindana na kubwa kwa wingi wa wachoraji wala kwa ukubwa wa kumbi zake. Inaweza kushindana kwa uaminifu wa jicho lake. Burundi ikipeleka kwa majirani kazi iliyotazamwa kwa haki, majirani wataiona Burundi yenyewe: milima yake, furaha yake na msiba wake. Ikipeleka kazi za wanaojuana, itapeleka picha ya chumba kimoja na kukiita nchi.